Zamu ya Mtu wa Tisa

Katika ghala nililofanya kazi miaka yangu ya mwanzo mjini St. Louis, jimbo la Missouri, palikuwa na redio ndogo juu ya kabati la zana, na ni mtu mmoja tu aliyeruhusiwa kuigusa. Alikuwa Mmarekani mweusi aliyekaribia kustaafu, mchache wa maneno, na kwa kuwa malezi yangu yalinizuia kumwita kwa jina lake kama walivyofanya wenzetu, nilimwita Mzee. Nilipomweleza maana ya neno hilo alicheka, akasema kwamba katika miaka yote ya kazi hakuna aliyewahi kumpa cheo. Kuanzia Aprili hadi Septemba, saa zetu za jioni zilikwenda sambamba na michezo ya besiboli ya timu ya Cardinals. Redio ilinong'ona tu mpaka ilipofika zamu ya mpigaji wa tisa. Hapo Mzee aliweka chini alichokuwa amekishika, akaenda kabatini na kuipandisha sauti.

Jambo hilo lilinishangaza, kwa sababu mpigaji wa tisa ndiye aliyekuwa mbovu kuliko wote. Alikuwa mrushaji, yaani mtu aliyeajiriwa kwa nguvu na ujanja wa mkono wake wa kurusha, ambaye kwenye kupiga alishindwa karibu kila mara. Watazamaji wengi uwanjani waliitumia zamu yake kwenda msalani au kununua bia. Mzee aliitumia kusikiliza.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu, yatosha kujua mambo machache. Timu mbili za wachezaji 9 hupokezana, moja ikilinda uwanja na nyingine ikipiga. Mrushaji husimama juu ya kichuguu cha udongo katikati ya uwanja na kumrushia mpigaji mpira ambao mara nyingi huzidi kasi ya kilomita 145 kwa saa, naye mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo (wasomaji wa Tanzania wanisamehe, nazungumzia mti wa kupigia) ili apate kukimbia kuvizunguka vituo 4 na kurudi alikoanzia, na hapo timu yake hupata pointi. Wapigaji hufuatana kwa foleni isiyobadilika, wa kwanza hadi wa tisa, kisha foleni huanza upya. Wapigaji 3 wakishatolewa, awamu ya timu hiyo imekwisha, na kila timu hupewa awamu 9. Kuna sharti jingine ambalo mtu aliyezoea mpira wa kikapu hulisahau: mchezaji akishatolewa na kocha, kama ilivyo kwenye soka, harudi tena siku hiyo.

Katika muundo wa asili, watu 9 wanaolinda ndio haohao 9 wanaopiga, na mrushaji si tofauti na wenzake. Kanuni ya mpigaji mteule iliuvunja usawa huo kwa kuruhusu mtu wa kumi, ambaye kazi yake ni kupiga badala ya mrushaji na kurudi kukaa kwenye benchi wenzake wanapokwenda kulinda. Wamarekani wamebishana juu ya mtu huyo wa kumi kwa miaka isiyopungua 50, na mimi, mwana wa Mombasa niliyejifunza mchezo wao ukubwani, nilijikuta nimeingia katika ubishi huo kutokea mlango wa kriketi.

Nyumbani kwetu hapakuwa mbali na uwanja wa kriketi wa Mombasa Sports Club, na kriketi haina mpigaji mteule. Wachezaji ni 11 na wote 11 hupiga, pamoja na mtupaji hodari asiyejua hata pa kuuweka mguu wake anaposhika gongo. Courtney Walsh wa West Indies aliwatoa wapigaji 519 katika mechi za kimataifa za siku tano, na katika mechi hizohizo yeye mwenyewe alitolewa bila kupata hata pointi moja mara 43. Hakuna aliyependekeza kwamba Walsh atafutiwe mtu wa kumpigia. Kwa hiyo Mzee aliponieleza kwamba Marekani ina ligi kuu mbili, yaani Ligi ya Taifa, ambayo Cardinals wamo, ambako mrushaji hupiga, na Ligi ya Marekani ambako hapigi, niliona moja kwa moja kwamba hao wa pili walikuwa wamefanya jambo la ajabu. Nilikuwa sijajua sababu zao, na baadaye nilipozijua niliona kwamba si sababu za kupuuzwa.

Chanzo cha karibu ni mwaka 1968, na mtu aliyehusika zaidi alikuwa shujaa wa Mzee tangu utotoni. Bob Gibson, mrushaji wa Cardinals, aliruhusu mwaka huo wastani wa pointi 1.12 tu kwa kila awamu 9, akaanza mechi 34 na kuzikamilisha 28 mwenyewe bila kupokewa na mwenzake, na katika 13 kati ya hizo hakuruhusu pointi hata moja. Huko Detroit, Denny McLain alishinda mechi 31. Katika Ligi ya Marekani nzima, mpigaji bora wa mwaka, Carl Yastrzemski wa Boston, alifaulu kwa wastani wa 0.301, yaani mara 30 hivi katika kila 100, kiwango ambacho katika mwaka wa kawaida kisingemfikisha popote karibu na taji. Wakuu wa mchezo walishtuka. Mwaka uliofuata walikishusha kichuguu cha mrushaji kutoka inchi 15 hadi inchi 10 na kulipunguza eneo ambalo mpira wake ulihesabiwa kuwa halali. Mzee alipenda kusema kwamba ardhi ya Marekani ilichimbwa kwa ajili ya mtu mmoja mweusi kutoka Omaha, na ingawa wanahistoria wangeweka maneno mengi kuzunguka kauli hiyo, sikuwahi kuwa na hamu ya kumsahihisha.

Ligi ya Marekani iliendelea kudhoofika hata baada ya hapo. Mapato ya viingilio yalikuwa chini kuliko ya Ligi ya Taifa, na mnamo 1972 wapigaji wake walifaulu kwa wastani wa 0.239 tu. Charlie Finley, mmiliki wa timu ya Oakland, mtu mwenye kelele na mawazo mengi, alikuwa miongoni mwa waliolishikia bango wazo la mpigaji mteule. Wazo lenyewe lilikuwa la zamani: Connie Mack, aliyeiongoza timu ya Philadelphia, alilitaja mnamo 1906, na mnamo 1928 rais wa Ligi ya Taifa, John Heydler, alilipendekeza likakataliwa na ligi ileile ambayo baadaye ingelikumbatia. Mnamo Januari 1973 wamiliki wa Ligi ya Marekani walipiga kura 8 kwa 4, wakakubaliana kulijaribu kwa miaka 3. Jaribio hilo halijakwisha mpaka leo.

Tarehe 6 Aprili 1973, katika uwanja wa Fenway Park mjini Boston, Ron Blomberg wa New York Yankees akawa mpigaji mteule wa kwanza katika historia ya ligi kuu. Wenzake walikuwa wamevijaza vituo vyote. Hakupiga kitu: mrushaji Luis Tiant alikosea shabaha mara 4, na kwa kanuni za mchezo Blomberg akapewa kituo cha kwanza bure na timu yake ikapata pointi. Yankees walifungwa 15 kwa 5 siku hiyo, na hata hivyo gongo lake lilipelekwa kuhifadhiwa Cooperstown kwenye makumbusho ya mchezo. Nimeona ni haki kwamba enzi ya mtu anayelipwa kwa kupiga tu ilifunguliwa na mtu ambaye hakupiga.

Ligi ya Taifa ilikataa, na ilikataa kwa miaka 47, lakini msitafute falsafa nyingi mno katika ukaidi huo. Mnamo 1980 wamiliki wake walikutana kulipigia kura suala hilo, na mwakilishi wa Philadelphia, Bill Giles, aliyekuwa akiliunga mkono, alipotaka kupata maelekezo ya mmiliki wake juu ya muda wa kuanza kutumika, alikuta bosi ameenda kuvua samaki, na simu za mkononi hazikuwepo. Akajizuia kupiga kura. Pittsburgh, waliokuwa wameagizwa kuifuata Philadelphia, nao wakajizuia, na pendekezo likaanguka. Kwa hiyo kizazi kizima cha mashabiki walioniambia kwamba Ligi ya Taifa ililinda urithi wa mababu wanapaswa pia kuwashukuru samaki.

Matokeo yake yalikuwa kitu ambacho sijakiona katika mchezo mwingine wowote mkubwa: nchi moja, mchezo mmoja, kanuni mbili. Katika fainali za taifa, ambako mabingwa wa ligi hizo mbili hukutana, walijaribu kwanza kutomtumia kabisa mpigaji mteule, kisha kuanzia 1976 wakawa wanamtumia mwaka mmoja na kumwacha mwaka unaofuata, na kuanzia 1986 wakaamua kwamba kanuni ya mwenye uwanja ndiyo itakayofuatwa, jambo lililomlazimisha mrushaji ambaye hajashika gongo mwaka mzima kusimama mbele ya watu 40,000 na kujifanya mpigaji.

Hapo ndipo hoja ya wanaomtaka mpigaji mteule inapokuwa na nguvu zake zote, na naomba niitendee haki. Mnamo 2021, mwaka wa mwisho wa kanuni ya zamani, warushaji walifaulu kupiga kwa wastani wa takriban 0.110, yaani mara 11 katika 100, ilhali mpigaji wa kawaida hufaulu karibu mara 1 katika kila 4. Mtu anayelipa nauli na kiingilio, wanasema, hastahili kuonyeshwa kazi isiyofanyika. Wanaongeza suala la majeraha. Juni 2008, mjini Houston, Chien-Ming Wang wa Yankees, aliyekuwa ameshinda mechi 19 katika kila mmoja wa miaka miwili iliyotangulia, aliumia mguu akikimbia kati ya vituo, na hakurudi tena kuwa yule aliyekuwa. Na Aprili 2015 maumivu hayo yalifika ghalani kwetu kupitia redio: Adam Wainwright, mrushaji mkuu wa Cardinals, alipiga mpira huko Milwaukee, akaondoka mbio, akakatika kano ya kisigino katika hatua zake za kwanza. Msimu wake ukawa umekwisha kwa sehemu kubwa, mwezi wa kwanza ukiwa haujaisha. Kijana mmoja wa upande wa upakiaji, shabiki wa Boston, alimwambia Mzee kwamba hiyo ndiyo bei ya ujinga.

Mzee hakumjibu usiku ule. Siku kadhaa baadaye, tukiwa tunasubiri lori, aliniambia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeuliza, kwamba Wainwright huyohuyo, mpira wa kwanza kabisa aliorushiwa katika ligi kuu mnamo 2006, aliupiga ukavuka uzio wa uwanja, pigo linaloleta pointi papo hapo. Kisha akarudi kwenye jambo alilolipenda. Oktoba 1967, Mzee akiwa mtoto, Cardinals walicheza mechi ya 7, ya mwisho, ya fainali dhidi ya Boston ugenini. Gibson alirusha awamu zote 9, akawatoa wapigaji 10 kwa kuwakosesha mipira, na katikati ya kazi hiyo akashika gongo mwenyewe na kuupiga mpira ukavuka uzio wa Fenway Park. Cardinals walishinda 7 kwa 2. Mwaka uliofuata, katika fainali nyingine, alifanya hivyo tena huko Detroit. Mnamo 1970 alifaulu kwa wastani wa 0.303, ambao wapigaji wengi wa kazi hiyo wangeutamani. Mzee alikuwa hanipi takwimu. Alikuwa ananiambia kwamba aliwahi kumwona mtu mzima akifanya kazi nzima, na kwamba baada ya kumwona hakuweza kuridhika na nusu.

Lakini watu kama Gibson walikuwa wachache, na hoja ya kumtetea mrushaji kwa kutaja mipigo yake mikubwa ni hoja dhaifu. Siku Bartolo Colón wa New York Mets alipoupiga mpira ukavuka uzio huko San Diego, Mei 2016, akiwa amebakiza wiki chache kutimiza miaka 43, mwili wake mkubwa ukizunguka vituo polepole kama jahazi linaloingia bandarini, Marekani nzima ilicheka kwa furaha, nami nilicheka. Hata hivyo kanuni haijengwi juu ya kichekesho kinachotokea mara moja katika maisha ya mtu. Kilichonigeuza mimi kilikuwa kile kilichotokea karibu kila jioni, ambacho hakikumhitaji mrushaji afaulu.

Fikiria awamu ya sita. Timu yako iko nyuma, 2 kwa 1. Wenzako wawili wako kwenye vituo, wawili wameshatolewa, na anayefuata kwenye foleni ni wa tisa. Mrushaji wako amerusha vizuri jioni yote, na mkono wake bado una awamu mbili ndani yake. Ukimwacha apige, karibu hakika nafasi itapotea. Ukimtoa na kumweka mpigaji wa akiba, huenda ukasawazisha, lakini yeye harudi tena, na mchezo uliobaki utaukabidhi kwa warushaji wa benchi ambao jana walichapwa. Kocha wa upande wa pili naye alikuwa ameliona hili kabla yako: ndiyo maana mpigaji wa nane amepewa kituo cha bure kwa makusudi, ili wewe uingizwe kwenye mtego. Huko nyuma ya uzio mrushaji wa akiba anapasha mkono moto, na hujui kama anapashwa ili atumike au ili wewe uogope. Hakuna mpira uliorushwa bado. Ni kwa ajili ya dakika hiyo Mzee aliipandisha sauti ya redio.

Kulikuwa pia na sanaa ndogondogo zilizoishi pembezoni mwa udhaifu huo. Mrushaji asiyeweza kupiga alifundishwa kuugusa tu mpira kwa gongo lililolazwa, ubingirike polepole mbele yake. Yeye mwenyewe hutolewa, lakini mwenzake husogea kituo kimoja mbele. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na sijapata mfano ulio wazi zaidi wa methali hiyo kuliko mtu wa mamilioni ya dola akijitoa kafara kwa mguso mdogo ili mwenzake apate mita 27. Palikuwa na mabadiliko ya jozi, ambapo kocha aliwaingiza wachezaji wawili kwa mpigo mmoja na kubadilishana nafasi zao kwenye foleni ili zamu ya mrushaji mpya isifike mapema. Tony La Russa, akiwaongoza Cardinals, alifika mpaka kumpanga mrushaji awe wa nane mnamo 1998, ili mtu wa tisa awe mpigaji halisi anayewatangulia vinara wa foleni. Watu walimcheka, wengine walimwita fundi. Mimi naona alikuwa mtu aliyepewa mzigo usiobebeka kirahisi akautafutia namna mpya ya kuuinua, na burudani ya mchezo kwa kiasi kikubwa ni kuwatazama watu wenye akili wakitafuta namna hiyo.

Kuna jambo moja katika hoja ya wastani wa 0.110 ambalo halisemwi vya kutosha. Takwimu hiyo ilitumika kumwondoa mrushaji kana kwamba ni maumbile, mithili ya samaki kushindwa kupanda mti. Ni kweli kwamba warushaji hawakuwahi kuwa wapigaji wazuri kwa jumla, na ni kweli kwamba mipira ya siku hizi ni ya kasi na ya hila kuliko ya zamani. Lakini kwa miongo kadhaa mpigaji mteule alikuwa ameshaenea shuleni, vyuoni na katika ngazi nyingi za ligi ndogo ambako wachezaji hulelewa, ndani ya mashirika ya Ligi ya Taifa yenyewe. Kijana aliyekuwa mrushaji bora na mpigaji bora wa mtaa wao alinyang'anywa gongo akiwa na miaka 18, akakaa miaka 5 bila kulishika, kisha siku alipofika ligi kuu akasimamishwa mbele ya mrushaji mkali kuliko wote aliowahi kukutana nao, na aliposhindwa tukaandika namba. Kanuni ilizalisha sehemu ya udhaifu ambao baadaye iliutoa kama ushahidi.

Naandika hivi kwa ujasiri kwa sababu nimeshauona mchezo jirani ukifanya kinyume. Katika Kombe la Dunia la Kriketi la 2003, Kenya ilipoifunga Sri Lanka mjini Nairobi na baadaye kufika nusu fainali, mtupaji aliyewavunja Wasri Lanka alikuwa Collins Obuya, ambaye siku hiyo aliwatoa wapigaji 5. Miaka iliyofuata utupaji wake ulififia, lakini kriketi ilikuwa haijawahi kumnyang'anya gongo. Mnamo 2011, katika Kombe la Dunia lililochezwa Asia, Obuya huyohuyo alisimama dhidi ya Australia kama mpigaji na kumaliza na pointi 98 bila kutolewa. Laiti angekuwa mrushaji wa besiboli, mkono wake ulipochoka angekuwa ameshapewa mkono wa kwaheri.

Halafu akaja Shohei Ohtani, na kila upande ukadai kwamba ni wake. Alipomaliza sekondari nchini Japani mnamo 2012, timu ya Fighters ilimshawishi abaki kwao kwa kumwahidi kitu ambacho hakikuwa desturi, yaani kurusha na kupiga. Fighters wako katika Ligi ya Pasifiki, ambayo imekuwa na mpigaji mteule tangu 1975, na siku nyingine waliiacha kanuni hiyo kwa hiari ili Ohtani apige siku anayorusha. Marekani, akiwa na Angels mnamo 2021, aliipiga mipira 46 ikavuka uzio na kushinda mechi 9 kama mrushaji, akachaguliwa mchezaji bora wa Ligi ya Marekani bila kura hata moja kumpinga. Tarehe 17 Oktoba 2025, akiwa na Dodgers katika mechi iliyowapeleka fainali, aliwatoa wapigaji 10 wa Milwaukee bila kuruhusu pointi, na usiku huohuo akaupiga mpira ukavuka uzio mara 3.

Ningependa kumtumia Ohtani kama nyundo ya kumalizia hoja yangu, lakini uaminifu unanizuia. Siku zote ambazo harushi, yeye hupiga akiwa mpigaji mteule, na bila nafasi hiyo mwili wake usingestahimili kuongezewa kazi ya kulinda uwanja. Mnamo 2024, mkono wake ukiwa unapona na asiweze kurusha, alikuwa mpigaji mteule mwaka mzima, akapiga mipira 54 ya kuvuka uzio, akaiba vituo 59 (yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila kungoja mpira upigwe) na kuwa mtu wa kwanza wa kazi hiyo kushinda tuzo ya mchezaji bora. Isitoshe, mnamo 2022 ligi ilitunga kanuni inayomruhusu mrushaji anayejipigia mwenyewe abaki kama mpigaji mteule hata baada ya kutolewa kwenye kichuguu, na kila mtu anajua ilitungwa kwa ajili ya nani. Kwa hiyo kanuni ninayoilaumu kwa kuwafuta watu wa namna yake ndiyo iliyomhifadhi yeye. Naliacha hilo kama lilivyo.

Mwisho wa kanuni ya zamani ulikuja kwa vipande. Mnamo 2020, wakati wa korona, msimu ulipofupishwa kuwa wa mechi 60, Ligi ya Taifa ilimkubali mpigaji mteule kwa muda, kwa kisingizio cha afya za wachezaji. Bob Gibson alifariki Oktoba mwaka huohuo. Nilimpigia simu Mzee, ambaye alikuwa ameshastaafu, kumpa pole kama tunavyofanya kwetu mtu anapofiwa, na alinishukuru kwa uzito ule ambao mtu humshukuru aliyekuja matangani. Mwaka 2021 mrushaji alirudishiwa gongo lake kwa msimu mmoja zaidi. Katika mechi ya mwisho ya kanuni hiyo, mechi ya 5 ya fainali iliyochezwa Atlanta tarehe 31 Oktoba, kocha wa Houston, timu ya Ligi ya Marekani, alihitaji mpigaji wa akiba na akamwita Zack Greinke, mrushaji mwenye miaka 38 aliyependa kupiga kuliko wapigaji wengi. Greinke akapiga, akafika kituo cha kwanza. Machi 2022, mkataba mpya kati ya wamiliki na wachezaji ulipotiwa saini baada ya wamiliki kuwafungia wachezaji nje ya kazi kwa siku 99, mpigaji mteule akawa wa ligi zote mbili moja kwa moja. Hata Ligi ya Kati ya Japani, ngome ya mwisho kubwa, imetangaza kwamba itaanza kumtumia mnamo 2027.

Na mwaka huohuo wa 2022, kama vile kanuni ilitaka kunihonga, ilimrudisha St. Louis Albert Pujols, aliyewahi kuwa mpigaji nyota wa Cardinals. Alikuwa na miaka 42, magoti yake hayakuweza tena kulinda uwanja kila siku, na nafasi ya mpigaji mteule ndiyo iliyofanya kurudi kwake kuwe na maana. Aliupiga mpira wa kuvuka uzio wa 700 wa maisha yake mwezi Septemba na kustaafu akiwa na 703. Mji mzima ulilia. Vilevile ni kanuni hii iliyowapa Edgar Martínez na David Ortiz kazi ndefu hadi wakaingia kwenye jumba la mashujaa huko Cooperstown, na mtu anayetaka kuifuta lazima aeleze angewaweka wapi wote hao. Mimi siwezi kueleza, ndiyo maana sitaki ifutwe.

Ninachokitaka kimeshajaribiwa. Mnamo 2021 Ligi ya Atlantic, ligi ndogo ya mashariki mwa Marekani ambayo hukubali kufanyiwa majaribio, iliweka sharti kwamba mpigaji mteule amefungwa na mrushaji aliyeanza mechi: siku kocha anapomtoa mrushaji huyo, mpigaji mteule naye hutoka, na kuanzia hapo timu inapaswa kumtafutia mtu wa tisa njia nyingine. Chini ya sharti hilo Pujols angerudi nyumbani, Wainwright asingekimbia, na wakati huohuo uamuzi ule wa awamu ya sita ungerudi, pengine ukiwa mzito zaidi, kwa sababu kocha anayemwondoa mrushaji mapema, kama ilivyo mtindo siku hizi, angempoteza na mpigaji wake mkubwa. Wapo watakaosema ni kanuni ya vijiti na kamba. Lakini mchezo ambao umewahi kuishi na kanuni mbili kwa karibu nusu karne, kwa sababu bosi mmoja alikuwa ameenda kuvua, hauna haki ya kuuona huu ushonaji kuwa aibu.

Siku hizi redio ya ghala imehamia kwangu, kwa kuwa ndiye mwenye miaka mingi pale. Jioni moja mwanzoni mwa msimu wa 2022 nilisikia mtangazaji akisema wa nane ametolewa, na kabla sijafikiri nilikuwa nimeshaweka chini orodha ya mizigo, nikaenda kabatini na kuipandisha sauti. Likatajwa jina la mlinzi wa kituo cha pili, kijana mwenye wastani mzuri tu. Nikairudisha sauti pale ilipokuwa.